Wakuu, ombi la kuingia White House linapelekwa wapi?

msafiri_jioni:
Habari zenu wakuu. Mwezi wa tisa nitakuwa Washington kama wiki moja hivi, mimi na mama, na mama tangu nimwambie kuhusu safari hana stori nyingine, anataka kuingia White House aione kwa ndani, kupiga picha kwenye uzio kasema hataki. Nimepekua mtandaoni naona watu wanauza "tiketi", sijui ni za kweli au ndio napigwa. Wazoefu naombeni utaratibu, na je sisi tusio raia tunaruhusiwa?

kalamu_butu:
Unapigwa mkuu. Kuingia ni bure, hakuna tiketi ya kuuzwa, huyo atakutembeza nje tu barabarani. Wenyeji wanaomba kupitia ofisi ya mbunge wao au seneta wa jimbo lao, wewe mgeni unaanzia ubalozi wa nchi yako hapo hapo Washington. Andika barua pepe mapema, taja tarehe mbili tatu unazoweza, maana nafasi ni chache na hata ukikubaliwa wanaweza kufuta siku yenyewe kukiwa na shughuli ya rais. Na ubalozi usipojibu kumbushia tena, usione aibu.

Bi_Mkubwa77:
Niliwahi kuingia. Kwanza begi acheni hotelini, hata mkoba wa mama, maana hawaruhusu na pale hakuna pa kuhifadhi, niliona dada mmoja amebaki nje analinda mikoba ya wenzake mpaka nikamhurumia. Simu mnaingia nazo, picha zimeruhusiwa tangu 2015 ila video hapana. Halafu mwambie mama asitegemee kuiona ofisi ya rais, ile iko upande wa magharibi, haimo kwenye matembezi haya. Mnapita kwenye vyumba vya shughuli za kitaifa, mnatembea wenyewe kwa miguu, ukiwa na swali unamuuliza afisa wa ulinzi aliyesimama chumbani na wengine wanajua historia balaa.

kalamu_butu:
Hapo kwenye historia mama atafurahi. Kile chumba kikubwa cha mashariki, mke wa rais wa pili, John Adams, alikuwa anaanika nguo humo, walihamia mwaka 1800 nyumba haijaisha. Na ile picha kubwa ya George Washington iliyomo ndio iliyookolewa 1814 Waingereza walipochoma nyumba. Ila kuta mnazoziona ndani sio za enzi hizo, kati ya 1948 na 1952 rais Truman aliifumua ndani yote ikajengwa upya, zikaachwa kuta za nje tu, yeye kahamia nyumba ya ng'ambo ya barabara.

Kingine, wageni zamani walikuwa wanaingilia jengo la mashariki, lile limebomolewa 2025 kupisha ukumbi mpya, so maelekezo ya njia kwenye blogu za zamani achana nayo, fuata utakayotumiwa.

msafiri_jioni:
Asanteni sana aisee. Nimeshaandika ubalozini leo. Swali moja, mama anatumia majina mawili kila sehemu ila pasipoti ina matatu, nijaze yapi?

Bi_Mkubwa77:
Matatu, kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, na siku hiyo mbebe pasipoti yenyewe, kopi haisaidii. Majina yanachunguzwa na walinzi kabla hamjafika. Kwenye kundi letu kuna kaka alijaza jina la kuitwa nyumbani, akaishia getini.

msafiri_jioni:
Duh, kumbe nimeshatuma mawili. Ngoja niwaandikie tena.

kalamu_butu:
Wahi mkuu. Na likikataa kabisa kuna kituo chao cha wageni pale Pennsylvania Avenue, hakihitaji ombi, maonyesho yapo. Mama atanuna lakini ni afadhali kuliko uzio.