Naomba ushauri: takwimu za vigeu vingi zinaeleweka bila kuzama kwenye hesabu?

Kalamu_Butu
Habari za muda huu wakuu. Niko shahada ya pili, afya ya jamii. Mimi na hesabu tuliachana zamani, na tuliachana vibaya. Sasa nina dodoso la maswali 24 kuhusu msongo wa mawazo kazini, waliojibu ni 180, wa zamu ya mchana na wa zamu ya usiku. Msimamizi wangu kanitajia uchanganuzi wa visababu fiche, kisha MANOVA, kisha akaaga. Kitabu nilichoazima ukurasa wa tatu tu kimeshajaa matriksi. Nikibonyeza kwenye programu ya takwimu ya SPSS majedwali yanamwagika, sijui hata moja linasema nini. Sihitaji kuwa mwanatakwimu. Nataka siku ya utetezi nikiulizwa "kwa nini umefanya hivi" nisibaki natoa macho. Nianzie wapi?

Bonyeza_Endelea
Mkuu, bonyeza, nakili jedwali, weka kwenye ripoti. Wengi tumepita hivyo hivyo 😂

Nukta_Nyingi
Usimsikilize huyo hapo juu, siku ya utetezi hatakuwepo.

Anza na picha moja: wingu. Chora kimo upande mmoja, uzito upande wa pili, kila mtu awe nukta. Utaona wingu lililorefuka kwa mshazari, maana warefu kwa kawaida ni wazito zaidi. Sasa chukua mtu mzima wa sentimita 185 mwenye kilo 50. Urefu huo peke yake haushangazi, na kilo 50 si ajabu. Ila vyote viwili kwa mtu mmoja? Nukta yake iko nje kabisa ya wingu. Ukikagua kigeu (kitu unachopima, kama kimo au uzito) kimoja kimoja hutamwona. Mwaka 1936 mwanatakwimu Mahalanobis wa India alitoa kipimo cha umbali kinachozingatia umbo la wingu, na kazi yake hasa ni kumnasa mtu kama huyo. Ukilishika hili umeshika roho ya somo zima, kwa sababu tunachosoma ni namna vigeu vinavyokwenda pamoja.

Vigeu vikiwa vinne wingu halichoreki. Hapo ndipo vinaingia vijenzi vikuu, PCA. Shika kitu chenye umbo la ajabu mbele ya taa, kizungushe, tafuta pembe inayotupa kivuli kipana kuliko vyote. Kivuli hicho ndicho kinachobakiza habari nyingi. Mwanatakwimu Pearson aliwaza hivyo tangu 1901, mwenzake Hotelling akaiendeleza 1933. Kuna data maarufu ya maua ya airisi aliyoitumia mwanatakwimu Fisher mwaka 1936: maua 150, spishi tatu, vipimo vinne kwa kila ua. Kijenzi cha kwanza peke yake kinabeba kama asilimia 92 ya mtawanyiko wote. Vipimo vinne, na mstari mmoja karibu unatosha!

Angalizo: hiyo 92 ni kwa vipimo vikiachwa kwa sentimita zake. Ukivisawazisha kwanza, yaani kila kipimo kiwe na mtawanyiko sawa, kijenzi cha kwanza kinashuka hadi kama 73. Kipimo chenye namba zinazotawanyika sana humeza wenzake, hivyo ukiona asilimia kwenye ripoti ya mtu, uliza kwanza kama alisawazisha.

Mama_Dodoso
Nukta kaeleza vizuri, ila mdogo wangu, msimamizi hakukutuma PCA. Watu wanavichanganya hivi viwili kila siku, na programu inachangia kwa kuviweka kwenye menyu moja.

Tofauti ni mshale unaelekea wapi. Kwenye PCA vipimo vyako ndivyo vinavyounda kijenzi, ni ufupisho tu. Kwenye visababu fiche unadai kuna kitu kisichoonekana kinachosababisha majibu. Mwanasaikolojia Spearman mwaka 1904 aliona wanafunzi wanaofanya vizuri somo moja huelekea kufanya vizuri na mengine, akasema nyuma yake kuna uwezo mmoja wa jumla. Ubishi wa dai lile haujaisha hadi leo, lakini mbinu ilibaki. Wewe unaamini msongo ndio unaomfanya mtu ajibu "nakosa usingizi" na "nakasirika upesi". Basi mshale wako unatoka kwenye msongo kwenda kwenye maswali.

Namba za mizigo zinaonyesha swali limeshikamana vipi na kisababu. Kuzungusha visababu hakubadilishi wingu, kunabadilisha mahali unaposimama kulitazama. Idadi ya visababu usiiamue kwa kanuni ya "zaidi ya 1" (kubakiza kila kisababu chenye thamani eigeni inayozidi 1, yaani kinachobeba mtawanyiko kuliko swali moja) peke yake, huwa inazidisha. Tumia ulinganisho wa Horn wa 1965: unatengeneza data ya kubahatisha yenye ukubwa kama wako, kisha unabakiza visababu vinavyoishinda bahati.

Hesabu_Haiumi
Mimi nitapinga kidogo. Matriksi msizikwepe kabisa. Umewahi kuona jedwali la umbali kati ya miji nyuma ya ramani? Matriksi ya uhusiano ni hiyo hiyo. Maswali 24 yanatoa jozi 276. Kaa nayo nusu saa na kalamu ya rangi, pakaa jozi zenye uhusiano mkubwa. Mafungu yatajitokeza kabla hujabonyeza chochote. Kinyume cha matriksi usikikokotoe kwa mkono, hiyo ni adhabu tu.

Kuhusu MANOVA: ukipata alama tatu za msongo na ukalinganisha zamu kwa kila moja kivyake kwa kiwango cha asilimia 5, uwezekano wa kujidanganya kwamba kuna tofauti wakati haipo, angalau mara moja, unafika kama asilimia 14, vipimo vikiwa havitegemeani. MANOVA inauliza mara moja: je, kitovu cha wingu la zamu ya usiku kiko mahali pamoja na cha mchana?

Kalamu_Butu
Asanteni sana. Nimepakua yale maua. Urefu na upana wa sepali (vijani vya nje vya ua) kwa maua yote 150, mstari unashuka kidogo. Nikatenganisha spishi, mistari yote mitatu ikapanda! Nimekosea wapi?

Nukta_Nyingi
Hujakosea. Ni mawingu matatu yaliyopangana vibaya, ukiyatazama kama moja yanakudanganya. Ndiyo maana kabla ya visababu chora zamu zako mbili kwa rangi tofauti.

Kalamu_Butu
Nimechora, zamu zote mbili zina umbo moja. Visababu vimebaki vitatu. Ila swali la 17 lina mzigo wa -0.68 na wenzake wote wana chanya. Nilihangaika saa nzima kabla sijalisoma upya: "Huwa nalala vizuri baada ya kazi."

Mama_Dodoso
Haya, sasa unasoma majedwali. Kama skeli yako ni 1 hadi 5, toa kila jibu la swali hilo kwenye 6 kabla hujajumlisha alama. Kisha kagua na mengine yaliyoandikwa kinyume, halitakuwa peke yake.