Tennessee Promise: familia yenye kipato kidogo inanufaika vipi?

Mama Furaha, Nashville
Habari zenu, ndugu zangu. Sisi ni wakimbizi kutoka Kivu ya Kusini, na binti yangu yuko darasa la 12. Shuleni wamemwambia ajiandikishe Tennessee Promise kabla ya tarehe 1 Novemba ili asome chuo cha miaka miwili bila kulipa ada. Hata hivyo, jirani yangu anasema mwanawe alijiandikisha na hakupata hata dola moja. Je, kuna faida kwetu, nasi bado hatujawa raia?

Mwalimu Bahati
Mama Furaha, uraia usikutie hofu, kwani hadhi ya ukimbizi inatosha kuombea misaada ya serikali kuu. Jirani naye amesema kweli. Mpango huu, ulioanza na wahitimu wa mwaka 2015, hulipa baada ya misaada mingine yote: kwanza huhesabiwa Pell, ruzuku ya serikali kuu kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, kisha misaada ya jimbo, na pengo linalobaki kwenye ada ndilo Promise huliziba. Kwa mtoto wa familia yenye kipato kidogo, Pell mara nyingi huimaliza ada yote, maana kiwango chake cha juu mwaka 2024–25 kilikuwa dola 7,395, na ada ya vyuo hivi iko chini ya hapo. Kinachozidi hupewa mwanafunzi, anunue vitabu na kulipia usafiri, mambo ambayo Promise haiyagusi. Kwa hiyo FAFSA, fomu ya kuombea Pell na misaada mingine ya serikali kuu, ndiyo ya kushughulikiwa kwa makini zaidi.

Baba Baraka, Memphis
Naafiki, ila inaniuma kwamba fedha za bahati nasibu ya jimbo, zinazogharimia Promise, humfikia zaidi mwenye nafuu, ilhali aliye chini hukwama kwenye nauli na vitabu. Pamoja na hayo, mwandikishe. Mwanangu alipofika mwaka wa pili, FAFSA ilitazama mapato ya mwaka nilioongeza kazi ya usiku, Pell ikapungua, na Promise ikalipa tofauti. Asiyejiandikisha akiwa darasa la 12 hawezi kuingia baadaye. Akumbuke pia saa 8 za kazi ya kujitolea kwa jamii kila muhula.

Mama Furaha, Nashville
Asanteni sana. Jumamosi hii tutaketi naye tujaze fomu zote mbili.