Sembe, dona, mtama au muhogo: unga upi kwa ugali wa kila siku?

Kibaba (mleta mada)
Wakuu, habari za leo. Kila wiki inaanzishwa mada ya "dona ni afya, sembe ni sumu", watu wanarushiana maneno, na hakuna anayeweka vipimo. Hebu tulinganishe kwa utulivu: unga wa ugali wa kila siku, nyumba yenye watoto, mzee mmoja na mtu wa kisukari.

Naanza na ninachokijua. Kwa gramu 100, dona (unga wa mahindi yasiyokobolewa) lina takriban gramu 7 za nyuzinyuzi, miligramu 3.5 za madini chuma na miligramu 127 za magnesiamu. Sembe (ya mahindi yaliyokobolewa) isiyoongezwa kitu ina gramu 4 za nyuzinyuzi, chuma miligramu 1 na ushee, magnesiamu miligramu 32. Ila nguvu ni ileile, kama kilokalori 360 hadi 370. Kwa hiyo anayehamia dona ili apungue, na sahani imebaki mlima uleule, anajidanganya.

Maswali: tofauti hii inafika mwilini kweli? Mtama na muhogo vinakaa wapi? Na uji wa mtoto wa miezi 9 utoke unga gani?

Mkoboaji
Mkuu, tofauti inatokea kwenye mashine. Kukoboa kunaondoa ganda la nje pamoja na kiini, na kiini ndicho chenye mafuta na sehemu kubwa ya vitamini na madini. Katika kilo 100 za mahindi hutoka pumba kilo 20 hadi 30 hivi, zaidi mkikoboa mara mbili ili unga uwe mweupe pee. Pumba hizo mnawauzia wafuga kuku. Wanaokula vizuri ni kuku.

Lakini mafuta hayohayo ndiyo yanayoharibu dona. Kiini kikishasagwa, mafuta yanakutana na hewa na unga unaanza kuchacha. Kwenye joto la Dar au Mombasa, usitegemee dona lizidi wiki tatu au nne. Sembe inakaa miezi. Dalili ni uchungu mwishoni mwa ulimi na harufu ya mafuta ya zamani. Likifika hapo halirudi, hata ulichekeche na kulianika. Dawa ni kusaga kidogokidogo: mahindi yakae mazima, unasaga ya wiki mbili. Na unga ukitoka mashineni una joto, uumwage kwenye turubai safi upoe kwanza. Ukiufunga wa moto, unatoa jasho ndani ya mfuko na ukungu unaanza.

Gunia_Tisini
Nyongeza muhimu, na hapa ndipo wapenzi wa dona huwa hawataki kusikia: sumukuvu. Kuvu hukaa zaidi kwenye ganda na kiini. Ukikoboa, unatupa sehemu kubwa ya sumu pamoja na pumba. Ukisaga dona, unaila yote. Kwa hiyo mahindi yakiwa ya mashaka, sembe ni salama kuliko dona. Mlinganisho wa mleta mada ni sahihi kwa mahindi safi tu.

Sio nadharia. Kenya mwaka 2004, maeneo ya Makueni na Kitui, waliripotiwa wagonjwa 317 na vifo 125. Tanzania mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walifariki. Hao ni waliokula kiwango kikubwa kwa muda mfupi. Anayekula kidogokidogo kwa miaka, ini ndilo linaloumia, hasa akiwa na homa ya ini B. Na kupika hakusaidii, moto wa jikoni hauivunji sumu hiyo.

Kiwango kinachokubalika Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa bilioni kwa sumukuvu zote za kundi la aflatoksini, huwezi kukiona kwa macho. Unachoweza kudhibiti ni unyevu: mahindi yashuke hadi asilimia 13.5. Kama huna kipimo, tumia chumvi:

Kaanga chumvi kwenye kikaango kikavu hadi iwe inamwagika vizuri, iache ipoe. Chukua chupa ya kioo ya kama robo tatu lita, safi na kavu, tia mahindi hadi theluthi yake, vijiko 2 vya chakula vya chumvi, funga, tikisa dakika 2 au 3, weka chini robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15: rudisha juani. Isipoganda, uko chini ya 15, lakini huenda bado hujafika 13.5, kwa hiyo anika siku moja zaidi. Watu wengi hukosea kwa kutumia chumvi mbichi ya dukani, ambayo yenyewe imeshavuta maji, wakaanika mahindi wiki nzima bure.

Halafu chambua kwa mkono. Ondoa punje zilizovunjika, zilizotobolewa, zilizobadilika rangi, hata kama hazina ukungu wa kuonekana. Ukitunza kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa (wengi tunaita kinga njaa), hakikisha ni makavu. Mahindi yenye unyevu humo yanaozea ndani kwa ndani.

Posho_na_Pakiti
Kwa upande wa Kenya, msisahau kuna sembe na kuna sembe. Tangu 2012 sheria inataka unga wa pakiti uongezwe vitamini na madini. Unga wa posho mill (mashine ya mtaani) hauongezwi kitu. Kwa hiyo mtu akiacha unga wa pakiti aende posho akakobolewe mahindi yawe meupe, amepata sembe tupu: hana nyuzinyuzi za dona, hana chuma cha pakiti. Kwa mahindi, hiyo ndiyo chaguo mbovu kuliko zote, na ndiyo inayoliwa sana.

Mkoboaji
Bongo vilevile. Kanuni za kuongeza virutubishi zilitoka 2011, zikawalenga wasagaji wakubwa. Mashine za mtaani wengi hawana kifaa cha kuchanganyia. Soma lebo: tafuta madini chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12. Kama lebo imeandika "safi na bora" basi, hiyo ni sembe tupu.

Damu_Nyingi
Kibaba, umeuliza kama tofauti inafika mwilini. Kwa chuma, jibu ni: kidogo kuliko namba zinavyoonyesha. Dona lina chuma zaidi, lakini pia lina faiteti zaidi, inayokishika chuma kisifyonzwe. Kwa nafaka kavu bila msaada, mwili unachukua asilimia 5 hivi au pungufu.

Kinachobadilisha hesabu ni kilicho pembeni ya ugali. Kachumbari yenye limau na pilipili hoho mbichi (vitamini C inapotea ukiipika muda mrefu), au dagaa, samaki, nyama japo kidogo. Na chai ya rangi isubiri angalau saa nzima baada ya kula, maana tanini yake inafunga chuma kama faiteti. Ugali wa dona na mchicha ukishushiwa chai ya rangi, chuma chake kingi unakipeleka chooni.

Mjamzito asitegemee unga wowote kupandisha damu. Atumie vidonge vya kliniki.

Kibaba
Asante wakuu. Na huyu wa kisukari? Mtaani wanasema mtama na muhogo ndiyo tiba.

Mzani
Hapo mtaani wamechanganya mafaili. Muhogo ni wanga mtupu, protini yake ni gramu 1 au 2 tu kwa 100. Hautibu kisukari. Mtama na ulezi vina nafuu kiasi, lakini vikisagwa laini sana nafuu inapungua, kwa sababu chembe ndogo humeng'enywa haraka. Dona nalo hivyohivyo: mwambie msagaji atumie chekeche yenye matundu makubwa kidogo.

Jambo kubwa ni kiasi. Kikombe kimoja cha chai cha unga mkavu, kama gramu 120, kina gramu 90 hivi za wanga, uwe dona, uwe sembe. Ugali wa mtu wa kisukari uwe ukubwa wa ngumi yake, nusu ya sahani iwe mboga za majani, robo iwe maharage au samaki.

Badala ya kubishana, apime. Mlo uleule, mboga ileile, kiasi kilekile cha unga uliopimwa kwa mzani. Leo sembe, kesho dona, keshokutwa mtama. Apime sukari kabla ya kula na saa 2 tangu alipoanza kula. Kwa wengi lengo ni chini ya 10 mmol/L baada ya kula, ila lake alipange na daktari wake, hasa kama anachoma insulini au anameza dawa zinazoweza kuishusha ghafla. Asipunguze ugali ghafla hadi nusu bila kumwambia daktari huyo.

Makopa
Kwa muhogo mchungu kuna hatari nyingine. Ukikaushwa haraka bila kulowekwa, sianidi inabaki. Tarime mwaka 1985, wakati wa ukame, watu walipooza miguu kwa ugonjwa wa konzo. Kongo nako umepiga sana vijijini. Loweka muhogo uliomenywa siku 3 hadi ulainike, ndipo uanike.

Kama unga umeshanunuliwa na huujui ulivyoandaliwa: changanya na maji hadi uwe rojo zito, tandaza kwenye sinia au mkeka kwa unene usiozidi sentimita 1, acha saa 2 juani au saa 5 kivulini. Gesi ya sianidi inaondoka. Songa ugali siku hiyohiyo, usiuache ulale.

Uji_Mzito
La mtoto limerukwa. Tatizo la uji wa miezi 9 mara nyingi ni wepesi. Ukiuweka mzito hamezi, ukiuongeza maji anashiba maji. Tumia kimea cha ulezi: loweka ulezi saa 12, chuja, funika kwa kitambaa chenye unyevu siku 2 hadi uchipue, anika, saga. Pika uji mzito, uepue, acha upoe kidogo bila kuwa vuguvugu, tia kijiko kimoja cha chai cha kimea kwa bakuli, koroga. Dakika chache unalainika wenyewe. Rudisha jikoni uchemke tena ili kuua vijidudu. Usifanye hivi kwa mtama: machipukizi yake yana sianidi.

Na ule unga wa lishe wenye mahindi, mchele, ulezi, soya, karanga na dagaa humohumo, mimi siupendi. Karanga inachachua unga wote na ni ya kwanza kubeba sumukuvu, soya isiyochemshwa inazuia protini isimeng'enywe. Saga nafaka moja au mbili, karanga safi ziponde pembeni, uongeze wakati wa kupika.

Kibaba
Nimeelewa. Swali la mwisho: watoto wanalikataa dona, linakwaruza.

Mkoboaji
Anza robo ya dona kwa robo tatu za sembe yenye virutubishi, ongeza kila wiki; tumbo nalo linazoea bila gesi. Na usilisonge kama sembe. Dona linanyonya maji zaidi, kwa hiyo anza na uji mwepesi uliokorogwa kwa maji baridi, uache utokote dakika 5 kamili, ndipo utie unga na kusonga. Ukishashika, punguza moto, funika dakika 5 hadi 7, geuza mara moja. Likikwaruza baada ya hapo, lawama ni za chekeche ya msagaji.