Watu wa Kanda ya Ziwa, acheni kupima JPM na Mama kwa daraja la Busisi!

Wakuu, nimechoka. Kila nikishuka Mwaloni Kirumba kufuata dagaa, kijiwe cha kahawa kina mada ileile: nani zaidi, Magufuli au Samia? Na kila siku ubishi unaishia Busisi, kwenye lile daraja la Ziwa Victoria. Huyu anagonga benchi, "Linaitwa Daraja la JPM, unataka nini tena?" Yule anamrukia, "Kwani nani kalizindua?" Dagaa wanapigwa jua, wenye mzigo wamekaa wanabishania kibao.

Jiwe la msingi liliwekwa Desemba 2019. Rais Magufuli, Makamu wake nani? Samia. Likazinduliwa Juni 2025, Samia akiwa Rais. Kilomita tatu za zege, shilingi zaidi ya bilioni 700, chama kilekile cha CCM, na kodi ni yako wewe unayebisha. Basi, daraja limeisha hapo.

Mkitaka kulinganisha kweli, angalieni walikopitia. Magufuli aliingia bungeni 1995, akakaa wizarani miaka 20: ujenzi, ardhi, mifugo na uvuvi, halafu ujenzi tena. Kilomita za barabara alizitaja kwa kichwa kama mtu anayeita watoto wake. Ni mtu wa saiti, wa kufoka na kutumbua. Samia alianzia Baraza la Wawakilishi Zanzibar mwaka 2000, na 2014 akawa Makamu Mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba, kazi ya kukaa kitini na kusikiliza watu wakirushiana maneno kutwa.

Ndiyo maana alipokuja na 4R zake (maridhiano, ustahimilivu, mageuzi na kujenga upya) wengi tulimwamini, mimi nikiwemo. Mikutano ya hadhara iliyofungwa tangu 2016 akaifungulia Januari 2023, na mwezi huohuo wapinzani wa CHADEMA wakajaza watu hapa hapa Mwanza. Haki yake apewe.

Halafu ikawaje? 2020 Magufuli, Jiwe, akatangazwa mshindi wa urais kwa asilimia 84, mitandao ikabanwa. Tukaambiwa ule ni ukali wa mtu mmoja. 2025 Mama akatangazwa kwa karibu asilimia 98, Lissu, mwenyekiti wa CHADEMA, akiwa mahabusu kwa kesi ya uhaini, CHADEMA haikuwemo kwenye karatasi ya kura, intaneti ikazimwa nchi nzima, na watu wakafa mitaani. Hilo kijiweni wanalipitia kimyakimya, wanarudi Busisi!

Hata mwaloni kwenyewe hatujifunzi. 2018 operesheni ya uvuvi haramu ilichoma nyavu za watu, na wapo waliobaki na mtumbwi mtupu na mkopo. 2021 zikaja tozo za miamala, ukituma hela ya mzigo kwa simu ulikatwa, aliyepokea naye akienda kutoa alikatwa. Leo waliochomewa nyavu wanamlilia Magufuli, aliyekuwa Ikulu nyavu zikiungua, eti "alikuwa mwenzetu", mtu wa Kanda ya Ziwa. Mwenzetu wa nini?

Najua chawa, wapambe wa wakubwa, watakuja kusema nimetumwa, na wale wengine watasema nimemsaliti mtu wa nyumbani. Semeni. Ila anayetaka kunijibu aliache daraja, anieleze kwa nini mkali na mpole wametufikisha kwenye sanduku la kura lilelile.

Mods, msiunganishe uzi huu na ule wa Busisi.