Sebule ndogo yenye giza, naanzia wapi bila kutumia hela nyingi?

mpangaji_mpya:
Habari zenu wadau, naombeni msaada. Sebule yangu ndogo alafu giza, dirisha ni moja tu, ukuta ulikuwa mweupe zamani saivi umeshakuwa manjano, na pazia ni fupi linaishia juu juu yani ukiingia unaona chumba kimenyong'onyea kabisa. Nimepanga kwa hiyo siwezi kubomoa kitu na hela ya kochi jipya sina. Wikiendi hii nina siku mbili nzima. Nilifikiria nipake ukuta mmoja kijani iliyoiva, ila kona ya chini karibu na dirisha rangi inabanduka, nipake juu kwa juu tu?

fundi_brashi:
Usipake juu kwa juu nakuomba. Hapo panaweza kuwa na unyevu, na kama upo hata rangi mpya itabanduka tu. Chukua kipande cha nailoni kibandike hapo kwa selotepu pande zote 4 hewa isipite, kiache siku 1 au 2. Ukikuta majimaji upande unaogusa ukuta basi yanatoka ukutani, mwambie mwenye nyumba atafute yanapoingilia kwanza. Yakiwa upande wa nje ni jasho la chumba, fungua dirisha mara kwa mara. Pakiwa pakavu kote ndo ukwangue iliyolegea, piga msasa, futa vumbi, paka praima (ile rangi ya chini ya kushikisha), alafu rangi. Lita 1 inafunika kama mita za mraba 10 ukipaka mara moja, na kijani juu ya nyeupe utapaka mara mbili, kwa hiyo pima kabla hujanunua.

penda_mapazia:
Mi ningeacha rangi kabisa nianze na pazia. Fimbo ipandishe karibu na dari alafu iwe ndefu kuliko dirisha, kama sentimita 20 kila upande, ili ukifungua pazia likae ukutani lisizibe kioo, mwanga wote unaingia na dirisha linaonekana kubwa. Lishuke mpaka sakafuni. Hilo lako fupi usilitupe, shonea kitambaa cha rangi nyingine chini, kipana kabisa, kisiwe kiukanda maana kitaonekana kiraka. Miaka 3 nimekaa na fimbo imebana dirisha nikidhani tatizo ni chumba kidogo, siku niliyoipandisha nilikaa nikaitazama tu. Ila omba ruhusa kabla hujatoboa.

taa_na_kioo:
Kijani iliyoiva kwenye chumba chenye dirisha moja itakula ule mwanga kidogo ulionao, mimi siungi mkono. Osha kuta kwa maji na sabuni kwanza, saa nyingine ile manjano ni uchafu tu. Kioo kiweke ukuta unaotazamana na dirisha au wa pembeni yake. Na balbu soma kwenye boksi namba yenye K, ndo inaonyesha rangi ya mwanga: 2700K au 3000K mwanga wake ni wa manjano umetulia, 6500K ni mweupe wa ofisini. Usitegemee ya dari peke yake, weka na taa ndogo pembeni ya kochi.

mpangaji_mpya:
Asanteni sana jamani. Nailoni nimebandua leo, majimaji yapo upande wa ukutani, nimempigia mwenye nyumba na rangi nimeahirisha. Kutoboa amekubali, fimbo nimepandisha jana. Ukuta mmoja nimeosha, ni mweupe kumbe! Kesho naosha zilizobaki.