Mlioniuzia maji ya rangi mkayaita kulanti ya kupoza injini, njooni muone injini yangu

Wakuu habari za jioni. Nina siku nne sijalala vizuri, nikifoka mnivumilie.

Nina lori moja tu, Scania 124. Ndiyo shamba langu, ndiyo pensheni yangu. Wiki iliyopita dereva kapakia mahindi Kibaigwa, hajafika hata Gairo ananipigia: "Bosi, maji yanapungua na chini hakuna tone." Nikamwambia achomoe stiki ya oili. Kimya. Halafu: "Bosi, hii ni chai ya maziwa." Yaani maji yameingia kwenye oili.

Mzigo ukahamishiwa gari la mwenzangu kwa hela yangu, mkweche ukavutwa mpaka Kizota hapa Dodoma, tukafungua. Gasketi za hedi nzima. Pampu ya maji nzima. Ilipochomolewa slivu ya nne (lile bomba la chuma ambamo pistoni inapanda na kushuka) nikaishika mwenyewe, nikaipangusa kwa tambara. Upande mmoja wa nje, pale inapogusana na maji, ina vitundu vitundu kama punje iliyopekechwa na dumuzi. Kimoja kimetoboka kabisa, ukimulika tochi ya simu huku unaona mwanga kule.

Sasa nisikilizeni. Miezi minane nyuma nilinunua madumu mawili ya "kulanti" ya kijani hapa hapa mjini. Dumu lina picha ya gari dogo na maneno matamu, kiwango hakuna. Muuzaji ananiapia malori yote yanachukua hiyo. Juzi nimekuta mabaki, nikamimina kidogo kwenye kifuniko cha kopo nikaanika juani. Jioni kifuniko kikavu, limebaki doa la kijani tu. Glaikoli, kiini cha kulanti ya kweli, haikauki hivyo jamani, ingebaki inateleza kama sharubati! Nimeuziwa maji na rangi, kwa bei ya kulanti. (Mkijaribu na nyie, wekeni mbali na watoto na mbwa. Glaikoli ya kweli ni tamu na ni sumu.)

Halafu fundi. Kila yakipungua anajazia maji ya kisima. "Maji ni maji, bosi." Dodoma hii! Nenda kaangalie chini ya birika lako la chai, ule ukoko mweupe. Ndio huo huo unaoganda kwenye vijia vya rejeta na mgongoni mwa slivu, joto likakosa pa kutokea.

Na msianze na ile hoja yenu kwamba Dodoma hakuna barafu, kulanti ya nini. Slivu za injini hizi zinaogelea kwenye maji. Pistoni ikisukumwa inaipiga slivu ubavuni, slivu inatetemeka, vinatokea vipovu vidogo mno na kupasukia hapo hapo kwenye chuma, maelfu kwa maelfu, safari nzima. Ndivyo vinavyotoboa. Dawa iliyomo kwenye kulanti ya dizeli kubwa inaweka utando unaokinga chuma. Ukiongeza maji matupu kila siku unaizimua, utando unakwisha, dumuzi anaingia. Barafu imeingiaje hapo?

Rangi nayo isiwadanganye. Kijani, nyekundu, bluu, kila kiwanda kinatia itakayo. Someni dumu: ya malori tafuteni kiwango cha ASTM D6210. Yenye D3306 peke yake ni ya magari madogo. Kama haijachanganywa kiwandani, changanya nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa madini, na usimimine aina mbili pamoja kwa sababu zimefanana rangi, zinaweza kugeuka rojo.

Nikiri na langu: siku ile duka la pili walikuwa na dumu lenye kiwango, nikakimbia kwa tofauti ya elfu ishirini. Elfu ishirini! Slivu sita, ringi, oili mpya, fundi wa kufungua, msiniulize jumla, mke wangu yumo humu.

Slivu mpya zimefika jana kwa basi kutoka Dar. Mwenye kujua duka la Dodoma au Singida linalouza karatasi za kupimia nguvu ya kulanti aweke hapa, nazihitaji kabla gari halijawashwa.

Na wewe fundi uliyenitolea thamostati (ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto) mwaka jana ukasema nchi ya joto haina kazi nayo, gari likawa linapanda mlima Sekenke usiku mshale haujafika hata katikati na dizeli inakwenda kama maji, najua huwa unapita humu. Iko wapi?