Katiba changa: wabunge waibadilishe kirahisi?

MwalimuWaHistoria: Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu anadai nchi changa inahitaji katiba nyepesi kurekebishwa. Nimjibu nini?

Kyalo_M: Mwalimu, mpe Kenya ya 1966. Jaramogi Oginga Odinga katoka KANU, chama tawala, na wenzake, Bunge likabadilisha katiba chapuchapu: mbunge akihama chama, kiti kimeenda. Mwaka huohuo Seneti, baraza la pili la Bunge, ikafutwa. Haikuwa kazi ngumu, maana 1965 kizingiti cha kura za wabunge za kubadilisha katiba kilishushwa hadi asilimia 65.

BintiLamu: Na 1982 tukawa nchi ya chama kimoja kisheria!

MwalimuWaHistoria: Atauliza, mbona basi tusiifunge kabisa?

Kyalo_M: La. Ya 2010 imepima vizuri: kugusa mambo ya msingi kama muhula wa rais lazima kura ya maoni, mengine theluthi mbili ya kila baraza la Bunge, yaani Bunge la Taifa na Seneti iliyorudishwa, yatosha.